Modesta na Sanduku la Watu Kumi na Mmoja

Modesta Machibya alipiga chapa miaka kumi na saba katika shirika moja la umma lililonunua pamba, na kwa miaka yote hiyo hakuna bosi aliyewahi kumkuta na kosa. Wenye makosa walikuwa mabosi. Yeye aliyanyoosha kimya kimya, akaweka nukta pale walipoishiwa pumzi, na barua zao zikafika wizarani zikinukia usomi. Mwaka 1995 shirika likatangaza kwamba linajipunguza unene. Likafanya kama wafanyavyo wanene wengi: likakata vidole, likabakiza tumbo. Modesta alikuwa kidole.

Kiinua mgongo chake kilitosha kununua kompyuta moja iliyokwisha kustaafu Ulaya. Akaiweka chumbani kwake Igoma, pembeni mwa Mwanza, akaifunika kitambaa cha kufuma kama watu wanavyofunika redio ya thamani. Majirani wakaja kuitazama kwa zamu. Mmoja akauliza kama inaonyesha mpira. Alipoambiwa haionyeshi, akamwangalia Modesta kwa huruma, kama mtu aliyeuziwa ng'ombe tasa.

Kazi za kompyuta hiyo zilitoka kwa Malimi. Kwa maneno ya watu Malimi alikuwa mdogo wake. Kwa haki alikuwa mwanawe. Mama yao alifariki Malimi akiwa na siku tisa na Modesta akiwa na miaka kumi na mitatu, huko kwao Misungwi. Msichana akambeba mtoto mgongoni mpaka darasani. Mwalimu mkuu akamwambia achague, mtoto au shule. Akachagua mtoto. Shule aliirudia baadaye, ya jioni, akajifunza kupiga chapa, na kila ada aliyosomea Malimi, kuanzia darasa la kwanza hadi chuo, ilitoka kwenye ncha za vidole vyake.

Malimi alipata kazi Arusha, kwenye mradi wa visima. Mradi ule uliandika vijitabu vya kuwafundisha wanavijiji kutunza pampu, ukaviandika kwa Kiingereza, kisha ukashangaa kwa nini pampu zinaharibika. Malimi akapewa kazi ya kuvitafsiri. Yeye alitafsiri haraka na vibaya, kama wasomi wote. Modesta alinyoosha, akasafisha, akapiga chapa. Mwaka wa nne walikuwa hawajaonana, lakini hapakuwa na wiki iliyopita bila mmoja kumsahihisha mwenzake.

Shida ilikuwa njia. Diski iliyokuja kwa basi ilichukua siku sita, na ilifika ikinuka dagaa. Kulikuwa na barua pepe, ndiyo, ilikuwa imekwisha ingia mjini, lakini anwani ya mtu mmoja ilikuwa kitu cha wenye viwanda vya minofu ya samaki. Sisi wengine tukafanya kama tulivyozoea kufanya na sanduku la posta: mmoja analo, ukoo mzima unaandikiwa humo humo. Tukawa watu kumi na mmoja kwa anwani moja. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la fotokopi, simu ilikuwa ya mwenye duka, na mwendeshaji nilikuwa mimi. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, kwa hiyo ilidhaniwa najua mambo. Kazi yangu ilikuwa kupiga modemu mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kutuma yaliyopo na kuvuta yaliyokuja.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Nestory, karani mstaafu wa posta. Maana Watanzania wawili wakikutana hawaanzi kazi mpaka wawe na mwenyekiti, na wakiwa kumi na mmoja wanataka na katiba. Katiba yetu aliiandika yeye. Kila barua inayoingia ichapwe kwenye karatasi. Mwenyekiti aisome, ajue ni ya nani. Aipige mhuri. Ndipo mwenyewe apewe. Barua ilikuwa imetoka Arusha kwa sekunde arobaini, halafu inakaa saa mbili ikisubiri wino wa mhuri ukauke. Siri hazikuwepo. Tulijua nani ana kisukari, nani ameposwa na nani ameombwa radhi.

Modesta hakujali. Alikuwa akija kutoka Igoma na diski zake katika kopo la biskuti, ameliviringishia kanga mbili dhidi ya mvua. Yeye na Malimi walikuwa na utaratibu wao wa faili, utaratibu wa wafugaji: ng'ombe mmoja hachungwi na wachungaji wawili. Faili likiwa kwa Malimi, Modesta haligusi hata nukta. Likirudi, Malimi anaandika juu kabisa, "Liko kwako, dada." Hapo tu ndipo Modesta analifungua. Hawakuwahi kupotezeana mstari mmoja. Nimeona ofisi kubwa, zenye viyoyozi na mashine mpya, watu wawili wakifutiana kazi ya mwezi mzima kwa kukosa adabu hiyo ndogo ya wachunga ng'ombe.

Mvua za Elnino zikaja, zikakaa. Januari ya mwaka 1998 barabara ya Arusha ilikuwa imekatika sehemu ambazo watu walikuwa hawajui kama kuna mto. Simu ilikuwa inakoroma, lakini barua pepe ilipita. Tukajivuna. Tukasema tumeishinda mvua.

Jumatatu moja ya mwezi huo, saa nne asubuhi, nikatuma sura ya tatu na ya nne ya kijitabu cha Modesta. Kwa simu hiyo hiyo ikaingia barua kutoka Arusha. Modesta alikuwa amekwisha ondoka. Nikaichapa bila kuisoma, kwa mujibu wa katiba. Mzee Nestory akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaishika karatasi mbali na kifua.

"Malimi amefariki," akasema.

Malaria ilikuwa imempanda kichwani, siku tatu tu. Aliyeandika ni mfanyakazi mwenzake, dada mmoja aitwaye Hellen. Mwili hauwezi kusafirishwa, aliandika, barabara mnazijua. Mazishi ni Ijumaa saa nane mchana. Lakini ndege ndogo ya mradi itakuwa Mwanza na itarudi Arusha Alhamisi saa tatu asubuhi, na kiti kimoja kimewekwa kwa ajili ya dada wa marehemu. Tafadhali mwambieni awahi uwanjani.

Nikachukua koti. "Nakwenda Igoma."

"Kufanya nini?"

"Kumwambia, mzee."

"Wewe ni nani kwake?"

Nikabaki na koti mkononi.

"Nakuuliza. Wewe ni baba yake? Mjomba wake? Umeona wapi mfiwa akaambiwa na mtu wa modemu?" Hakuwa akinigombeza, alikuwa anasikitika, na hilo ndilo lililonishinda. "Akidondoka, atadondoka mikononi mwa nani? Mikononi mwako wewe? Msiba una wenyewe, kijana. Habari hii inaletwa na mkubwa wa ukoo, watu wamekwisha kaa, kina mama wapo wa kumshika. Tumlete baba yake mdogo."

Na hapa ukweli usemwe: alikuwa sahihi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote, Msukuma, Mjaluo, Mkerewe. Mfiwa harushiwi kifo usoni kama maji ya kuoshea vyombo. Na Alhamisi ilionekana mbali. Misungwi ni mwendo wa asubuhi moja. Siku tatu kwa safari ya asubuhi moja, nani angeona hatari?

Tukamtuma Okumu. Alikuwa mwenzetu wa sanduku, muuza spea wa kutoka Shirati, mwenye pikipiki na mdomo wa kutosha kuvuka mto wowote. Akaondoka mchana huo huo. Daraja moja dogo lilikuwa limezama, akalala njiani, akafika Jumanne asubuhi kwa Mzee Chenge, baba mdogo wa Modesta. Mzee hakuwepo. Alikuwa amevuka ziwa kwenda Sengerema kujadili mahari ya mjukuu, na mahari za huko, alisema Okumu baadaye, zinajadiliwa ng'ombe mmoja mmoja, kwa jina, na tabia ya mama yake.

Jumanne jioni Modesta akaja. "Malimi hajajibu?"

"Bado, dada," nikasema. "Laini mbovu."

"Mbona jana waliandika? Mwenye duka kaniambia kuna barua ya Arusha."

Mzee Nestory akakohoa. "Ilikuwa na maneno yasiyosomeka. Wataituma tena."

"Shikamoo, mzee. Samahani, sikukuona."

"Marahaba, binti yangu." Na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mhuri, akaanza kuusafisha.

Jumatano asubuhi alikuja tena, na safari hii hakukaa. "Huyu mtoto si kawaida yake," akasema. "Sura mbili, siku mbili, kimya. Nakwenda kupiga simu ofisini kwao."

Mzee Nestory akaniangalia. Okumu hajarudi. Mzee Chenge hajapatikana. Simu moja tu, na Modesta angekisikia kifo cha mwanawe kwenye kibanda cha kupigia simu, kutoka kwa mtu asiyemjua, foleni ya watu ikisubiri nyuma yake. "Mtulize," mzee akaninong'oneza sikioni.

"Ngoja kwanza, dada," nikasema. "Leo nitavuta mapema. Huenda ipo."

Nikageuza kompyuta kidogo. Barua za Malimi nilikuwa nimechapa mia na zaidi, mtindo wake niliujua kama namba ya simu. Nikaandika: *Sura ya tatu safi. Sura ya nne, ukurasa wa mwisho rudia wote, wanavijiji hawataelewa. Liko kwako, dada.* Printa ikalia. Mzee Nestory akaisoma, kwa mujibu wa katiba, na akaipiga mhuri.

Modesta akasoma akiwa amesimama. Uso wake ukafunguka. "Ona alivyo mjeuri! Hawataelewa! Yeye ndiye aliyeandika 'zingatia mfumo wa upenyezaji', mimi nikaweka 'angalia maji yanapovujia', sasa leo ananifundisha wanavijiji?" Akacheka, akakunja karatasi akaiweka ndani ya kopo. "Haya. Nitaurudia wote. Akitaka vita atapata."

Akatoka na kanga zake mvuani. Alikuwa na furaha. Nilikuwa sijawahi kufanya kazi ya kumfurahisha mtu kiasi kile.

Mchana huo nilimwambia Mzee Nestory kwamba kesho saa tatu ndege inaondoka na sisi ndio tunaoiona saa. Akasema anajua. Nikasema hata padre anaweza kumwambia. Akasema alimwendea padre tangu Jumanne, na padre amesema tusubiri familia. Nikasema basi nitamwambia mimi. Akasema, "Mwambie. Mlango huo hapo." Nikauangalia mlango. Sikutoka.

Alhamisi saa tatu na dakika chache tulisikia ndege ndogo ikipita juu ya mji. Mzee Nestory akatazama saa yake. "Huenda si yenyewe," akasema.

Saa nne Modesta akaleta ukurasa mpya wa sura ya nne. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko yote aliyowahi kupiga. Mtoto wa darasa la pili angetengeneza pampu kwa ukurasa ule. Nikaupokea, nikautuma kweli, kwa sababu alikuwa amesimama pale, na sikujua la kufanya na mikono yangu.

Saa sita Mzee Chenge akashuka kwenye kivuko kutoka Kamanga. Okumu alikuwa nyuma yake, amebeba paja la mbuzi la mahari lililofungwa kwenye gazeti. Mzee alikuwa ameshiba, amechangamka. Akatusalimia mlangoni kwa sauti ya mtu aliyeshinda mjadala.

"Haya, niambieni. Okumu anasema kuna jambo dogo mjini. Modesta ana nini, homa?"

Tukamkalisha benchi la nje. Mzee Nestory akamwambia, polepole, kama inavyotakiwa. Mzee Chenge hakulia. Aliuliza tu, "Lini?"

"Jumatatu."

"Na mazishi?"

"Kesho. Ndege imeondoka leo asubuhi. Alikuwa na kiti."

Mzee Chenge akamgeukia Okumu. "Ulinikuta jana saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, mzee wangu."

"Nilikuwa nakula. Ukaniambia jambo dogo."

"Sasa ningekwambiaje? Msafiri haambiwi msiba. Angeanguka majini je?"

"Jambo dogo," mzee akasema. "Nikamaliza kula. Nikashinda tena kwa watu siku nzima, tukamalizia ng'ombe wa mwisho, dume lenye jicho moja. Ungenitamkia tu, Okumu. Ungetamka ningepanda kivuko cha jana hiyo hiyo. Jana jioni mwanangu angekuwa amekwisha ambiwa."

Okumu, yule wa mdomo wa kutosha kuvuka mto wowote, aliweka paja la mbuzi chini.

Hivyo ndivyo heshima yetu ilivyofanya kazi. Ilimficha mfiwa, halafu ikamficha na yule tuliyemwita aje kumfichulia. Sanduku letu lilileta habari kutoka Arusha kwa sekunde arobaini. Kutoka mezani pangu mpaka kwa mwenyewe, aliyekuwa akija kila siku kusimama mbele ya meza hiyo hiyo, ilichukua siku tatu na saa kadhaa, na ilimpitia muuza spea, mahari na mbuzi.

Waliokwenda Igoma ni Mzee Chenge na kina mama wa jumuiya, na mimi nyuma. Kila kitu kilifanyika sawasawa. Mkeka ulitandikwa. Alishikwa na wanawake wawili kabla hajaambiwa, na alipowaona tu wamemshika alijua. Kilio chake sitakieleza. Kilipopungua, aliuliza swali moja, akimwangalia baba yake mdogo lakini hakuwa anamuuliza yeye.

"Jumatatu?"

"Jumatatu, mama."

"Jana aliniandikia."

Niliona macho yake yakizunguka chumbani, yakipita juu ya kina mama, juu ya kompyuta chini ya kitambaa chake, mpaka yakanifikia mlangoni. Sikumbuki kama nilitingisha kichwa. Nadhani nilitingisha.

Saa kumi nilituma barua Arusha kuomba mazishi yasogezwe. Hellen alijibu Ijumaa jioni. Hospitali haikuwa na umeme, hawakuweza kusubiri. Walimzika saa nane na nusu. *Tuliweka kiti cha dada yake mbele, karibu na kaburi,* aliandika, *tukasubiri nusu saa, tukidhani labda ndege ilichelewa.* Mzee Nestory alisoma barua ile, na kwa mara ya kwanza hakuipiga mhuri. Alinipa niipeleke mwenyewe, mbichi.

Modesta alikaa matanga Misungwi wiki tatu. Aliporudi mjini alikuja moja kwa moja kwenye chumba chetu. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kikao, wote tuko. Alikuwa amenyoa nywele. Akasalimia wakubwa, shikamoo mmoja mmoja, akakataa kiti.

"Ile barua ya Jumatano," akasema. "Nani aliandika?"

"Mimi, dada," nikasema.

"'Wanavijiji hawataelewa.'"

"Ndiyo."

"Nilirudia ukurasa ule mara nne. Nilikuwa nagombana naye peke yangu mezani, nasema huyu mtoto nitamwonyesha." Sauti yake haikupanda. "Kumbe alikuwa amelala kwenye ubao, na mimi natafuta neno la kumshinda."

"Dada, nilikuwa nataka—"

"Najua ulichotaka. Nyote najua mlichotaka. Mlitaka nisiumie." Akaangalia watu wote, akamaliza na Mzee Nestory. "Mzee, sikulaumu. Ningekuwa wewe labda ningefanya hivyo. Lakini nilimbeba yule mtoto tangu siku ya tisa. Ningeweza kukibeba na kifo chake mpaka uwanja wa ndege. Nisingewadondokea. Na ningedondoka, ningedondokea ndani ya ndege, nikifika nimefika."

Mzee Nestory alivua miwani, akaiweka juu ya mhuri.

Modesta akachukua karatasi kwenye trei ya printa yetu, akakaa mwenyewe kwenye kompyuta, akapiga chapa mistari michache kwa ule mwendo wake wa miaka kumi na saba. Akaitoa, akaibandika ukutani chini ya katiba. Ilisema: *Sisi tuliotia sahihi hapa chini tunaomba habari za msiba wetu tupewe wenyewe, mara tu zinapoingia, na yeyote aliyepo.* Akatia sahihi yake. Akaweka kalamu mezani, katikati, na akasimama akisubiri.

Tulikuwa watu kumi pale, bila yeye. Okumu alikuwa na mama yake mgonjwa Shirati. Mwalimu wa kwaya alikuwa na watoto wawili Dar. Mzee Nestory alikuwa na mke mwenye kisukari, tuliyekuwa tukijua sukari yake kila wiki. Kila mmoja aliiangalia kalamu. Nani yuko tayari kuusikia msiba wake kwa mdomo wa mtu wa modemu, asubuhi ya kawaida, amesimama, bila mkono wa kumshika?

Mimi niliinyanyua. Nina mama, yuko Ukerewe. Nikaifikisha karibu kabisa na karatasi, nikamwona mama, nikaona skrini, nikajiona nikisoma peke yangu. Nikairudisha mezani.

Modesta alisubiri kidogo zaidi. Kisha akafungua kopo lake, akatoa diski.

"Hiki ni kijitabu, kizima," akaniambia. "Mpelekee Hellen. Juu kabisa andika jina la Malimi, langu chini yake. Na ule ukurasa wa mwisho wa sura ya nne uache kama nilivyourekebisha, ni mzuri zaidi."

Nikatuma saa kumi. Karatasi iko ukutani mpaka leo, na ina sahihi moja.